Hujapungua

Lifti ilipogoma asubuhi ile, watu walisongamana chini ya jengo la ofisi wakinung'unika. Miongoni mwao alikuwamo mpokea simu wa ghorofa ya nne, mwanamke mnene mwenye haiba, gauni la samawati, ushungi mweupe unaonukia asumini.

"Fundi, huyu mgonjwa wako atapona leo?" akamwuliza mtengeneza lifti.

"Akipona nitakuita, bibie. Akifa tutamzika pamoja."

Mwanamke akacheka, naye alikuwa hajacheka siku nyingi. Wakapeana namba, simu zikafuata, na huba ikatia mizizi.

Chumbani kwa mwanamke huyo mlikuwa na kitanda, redio na mizani. Daktari alikuwa amemwonya juu ya moyo wake. Basi kila alfajiri, baada ya sala, alipanda mizani. Na kila mshale ulipokataa kurudi nyuma, alijiona amehukumiwa. Hakuwa na wa kumweleza ila fundi.

"Wiki nzima nimejinyima, laazizi," alimwambia jioni moja. "Sema kweli, unanionaje?"

"Kwangu mimi hujapungua hata chembe."

Fundi alikusudia thamani. Mwenzake akasikia uzito. Simu ikakatwa, mizani ikasukumwa uvunguni. Zikaja jioni za kula chakula kilichopoa, macho ukutani, simu ikilia mezani hadi inyamaze yenyewe. Alichoendelea nacho ni kupanda ngazi za nyumbani kwake tu, kwani njia nyingine ya kufika juu haikuwapo.

Ijumaa moja simu ikalia akiwa kwenye ngazi ya kwanza. Hasira ikampokelea.

"Unataka nini? Nimekufungulia siri ya mwili wangu, wewe ukanijibu sijapungua, kama muuza nyama aliyeniweka kwenye mizani yake. Nani alikutuma kunipima?" Akasema akipanda, akapanda akisema, hadi mlangoni kwake.



"Umefika?" fundi akauliza.

"Nimefika. Kwani vipi?"

"Nilikusudia hadhi yako kwangu haijapungua. Neno lilinitoka vibaya, nisamehe. Lakini mpenzi, zamani ukinipigia ukipanda ngazi hizo, ulihema kila baada ya maneno mawili. Leo nimesikia hatua zako, umenigombeza mpaka juu, hata mate hukumeza."

Akaweka kiganja kifuani. Moyo ulikuwa ukienda taratibu, kama wa mtu aliyeketi. Machozi yakamtoka katika ukumbi ule mtupu.

"Bado sijamaliza kukugombeza," akasema.

"Najua. Ndiyo maana nataka kesho nije kwa mjomba wako nikupose, uendelee kihalali."