Mfumo Uliopendeza Macho

Kila siku ya likizo, Injinia alifika kwenye karakana ya mama yake kabla cherehani ya kwanza haijaanza kulia. Hilo halikuwa jina lake halisi. Washonaji walimpachika kwa sababu kila kompyuta ilipogoma, msichana huyo wa miaka kumi na miwili ndiye aliyeitwa. Jina lilimvimbisha kichwa kidogo.

Karakana ilishona sare za shule. Sasa mama alikuwa amepata programu ya kuendeshea kazi zote: kupokea oda, kutunza vipimo, hata kupeleka michoro ya nembo kwenye mashine ya kudarizi. Kilichobaki kilikuwa kuchagua mfumo endeshi, yaani ule unaoiamsha kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Shangazi, ambaye alikuwa fundi wa kompyuta, aliweka mfumo mmoja kwenye kompyuta ya mama na mwingine kwenye ile ya dirishani.

"Usidanganywe na sura," alimwambia Injinia. "Chukua oda moja, ipitishe mwanzo hadi nembo idariziwe. Kisha urudie kwenye mfumo wa pili."

"Sawa, shangazi."

Lakini mfumo wa dirishani ulikuwa na rangi za kuvutia, na ule wa mama ulikuwa wa kijivu, kama umenuna. Injinia akaingiza oda kwenye ule mzuri, akaona mambo yamenyooka. Waya wa mashine ya kudarizi ulikuwa umefunikwa na marundo ya vitambaa. Nani aufukue? Jioni mama alipouliza, alijibu bila kupepesa macho, "Nimejaribu yote miwili, mama. Wa dirishani ni kiboko!"

"Basi kesho shangazi yako ataweka huo kwenye kompyuta zote," mama akasema kwa furaha. "Tukimaliza tu, tunaanza nembo za ile shule mpya."

Asubuhi alimkuta bibi mdarizi, mshonaji mkongwe kuliko wote, akiifuta mashine yake vumbi huku akiimba.

"Mjukuu wangu, umenitua mzigo," bibi akasema. "Wenzangu kompyuta ikigoma wataendelea kushona. Mimi bila waya huu nitakaa tu nipige miayo. Nashukuru umeujaribu."

Injinia aliona haya hadi masikio yakamwaka moto. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika kwenye waya ule. Shangazi alikuwa tayari anaingia na mkoba wake wa vifaa.

"Mama, msianze kwanza!" Injinia akasema. "Nilidanganya. Nilijaribu mfumo mmoja tu, tena nusunusu. Mashine ya bibi sikuigusa."

Mama aliuweka mkasi mezani. Kisha akasema, "Haya, Injinia. Fukua huo waya."

Kwanza waliuunganisha kwenye kompyuta ya dirishani. Mashine ya kudarizi ikakaa kimya. Shangazi akajaribu hili na lile, mwisho akatikisa kichwa: mfumo huo haukuitambua kabisa mashine ya aina hiyo. Wakahamia ule wa kijivu. Sindano ikashtuka, ikaanza kukimbia, na polepole nembo ya kitabu na mwenge ikatokea kwenye kitambaa. Bibi akapiga makofi.

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti!" akacheka. "Huyu aliyenuna ndiye mwenzangu."

Washonaji wote wakaangua kicheko, Injinia naye akacheka, moyo mweupe.

Mama alimvuta karibu. "Nguo huvaliwa na mwenye mwili, mwanangu, si na aliyeipenda dukani. Mfumo nao tunauchagua kwa kazi na kwa watu watakaoutumia. Na ukisema umejaribu, watu wanaegemeza kazi zao kwenye neno lako. Leo umelisahihisha kabla bibi yako hajaanguka nalo, nami nimefurahi."

Kisha akamkabidhi nembo ile ya kwanza. "Sasa kaa na kila mshonaji, mmoja mmoja, mjaribu mfumo huu pamoja. Jina la Injinia tulikupa kwa utani. Leo anza kulifanyia kazi."