Tundu la Stendi

Likizo hiyo, kila siku saa sita na nusu mchana, Sheryl alifika kwa baiskeli nyuma ya soko la Kibuye, kikapu cha chakula kikining'inia kwenye usukani. Mama yake, Maximilla, alikuwa dereva wa rola, ile mashine nzito ya kushindilia lami. Kabla hata ya kupokea ugali wake, aliuliza swali lile lile.

"Baiskeli umeweka wapi?"

"Kwa duka la Nazneen, Mama. Kwenye simiti."

"Sawa. Lami ikiwa moto ni laini. Stendi ya baiskeli ikisimama juu yake, inatoboa."

Siku ya kwanza Sheryl alisikiliza. Siku ya pili aliitikia tu. Kufikia siku ya sita alikuwa amechoka, maana alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuona kwa nini aambiwe jambo moja kama mtoto wa chekechea.

Mama naye alikuwa amechoka, na alikuwa na sababu. Jumatatu mbuzi wa watu walikatiza kwenye lami mpya. Jumanne mama mmoja aliyebeba beseni la nyanya akawafuata mbuzi. Halafu kulikuwa na Byron, mwendesha bodaboda wa pale konani. Mara mbili aliegesha pikipiki juu ya lami, na mara zote mbili alikana kwa viapo, mpaka magurudumu yake yaliyojaa lami yakamuumbua.

Siku ya saba, Sheryl alikuta baraza ya duka la Nazneen imejaa magunia ya saruji. Alitazama huku na huku. Mama alikuwa amepeleka rola kuongezwa maji, na wafanyakazi walikuwa mbele wakifuata mashine ya kutandaza lami. Utepe wa kuzuia watu ulikuwa umelegea.

"Dakika moja tu," Sheryl alijiambia, akasimamisha baiskeli pembeni mwa lami.

Hata hajageuka, baiskeli ililala chini puu! Stendi ilikuwa imezama na kuacha tundu la kina cha kidole. Sheryl aliiinua haraka, akaisukuma hadi ng'ambo ya barabara.

Mama aliporudi na rola, Sheryl alifungua mdomo, kisha akaufunga. Rola ya tani kumi itashindwaje na tundu dogo vile? Akasimama kando, akaomba kimoyomoyo. Rola ilikwenda, ikarudi, ikaenda tena, ikarudi tena. Tundu halikutoweka.

Aliyeliona ni Injinia Gurmit, msimamizi wa kazi, ambaye jicho lake halikupitwa na kitu.

"Maximilla! Njoo uone maajabu haya!"

Mama alishuka, akatazama, akashika kiuno. Hakuhitaji kuuliza.

"Byron!"

Byron alikuwa ameketi juu ya pikipiki yake konani, anakula mandazi. "Mimi? Haki ya Mungu, leo si mimi!"

"Hata juzi ulisema si wewe."

"Juzi ilikuwa mimi. Leo si mimi!"

"Nimechoka na wewe, bwana," Injinia Gurmit alisema. "Leo leo naongea na mwenyekiti wenu wa bodaboda. Hii kona utaisahau."

Mandazi yalimponyoka Byron mkononi. "Injinia, wateja wangu wote wako hapa sokoni. Niende wapi?" Aligeuka akitafuta mtu yeyote wa kumtetea. Macho yake yalikutana na ya Sheryl, naye Sheryl akatazama viatu vyake. Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha.

"Ni mimi," alisema.

Hakuna aliyemsikia. Rola ilikuwa ikinguruma, na watu wazima watatu walikuwa wakipiga kelele kwa pamoja.

"Ni mimi!" Sheryl alipaza sauti. "Ni stendi yangu!"

Mama alifumba macho. "Saa ngapi?"

"Ulipoenda kuweka maji."

Injinia Gurmit alichomeka kipimajoto kwenye lami, akasubiri, akatikisa kichwa. "Wakati ule lami ilikuwa zaidi ya digrii mia. Ningeweka sepetu moja ya lami ya moto, mama yako apite mara chache, kwisha! Sasa imepoa, ya zamani na mpya hazitashikana vizuri. Tukiacha hivi, maji ya mvua yataingia, malori yapite, tupate shimo. Kesho lazima tukate."

"Si niliwaambia!" Byron alidakia.

"Wewe nyamaza! Ungekuwa unasema ukweli siku zingine, leo tungekuamini." Maximilla alivuta pumzi. "Lakini leo tumekukosea. Pole, Byron."

"Pole, bwana," Injinia Gurmit naye alisema. "Kona ni yako."

Sheryl pia aliomba msamaha. Baiskeli ilifungiwa nyumbani siku hiyo hiyo.

Kesho yake Sheryl alikuja kwa miguu. Aliwakuta wanaume watatu, jasho likiwatiririka, wakimalizia kukata lami pande nne kuzunguka lile tundu. Walikuwa wameianza kazi hiyo tangu asubuhi. Mama alimketisha kwenye magunia ya Nazneen ili aone vizuri.

"Tundu nilikusamehe jana ile ile," alisema. "Ile nusu saa uliyonyamaza ndiyo inaniuma. Ona sasa kazi iliyotokea, na Byron wa watu nusura afukuzwe. Ukikosea, nyathina, mwanangu, njoo uniambie kosa likiwa bado moto. Nitapiga kelele, mimi ni mama yako. Lakini nikimaliza kelele, tutatengeneza."

Sheryl alikivuta kikapu karibu. "Mama."

"Nini?"

"Sikufunga kikapu vizuri. Samaki ameanguka pale konani, mbwa akachukua. Imebaki ugali."

Maximilla alitazama kikapu, akamtazama binti yake, akatazama mbingu. "Lini?"

"Sasa hivi. Hata dakika tano hazijaisha."

Mama alipiga kelele mpaka Byron akageuka kule konani. Alipomaliza, aliukata ugali vipande viwili na kumpa Sheryl kimoja.