Soksi Nyekundu za Mzee Alute

Kila Jumatano baada ya vipindi vya asubuhi, wasichana wa darasa la sita pale Kintinku walitoa viti vyao nje, wakaketi upande usiopigwa na upepo na kufuma. Kipupwe cha mwaka huo kilikuwa kikali. Walinzi wa ghala la mtama la kijiji cha ujamaa walikesha miguu ikiwa imekufa ganzi, ndipo shule ikaahidi kuwafumia soksi. Wageni kutoka Manyoni wangekuja kuzitazama zikiwa zimepangwa mezani kabla hazijagawiwa.

Dina alipangiwa Mzee Alute, mlinzi mrefu mwenye nyayo kubwa kuliko wote. Mwalimu Theresia aliwaagiza wapime kwanza mguu wa mtu, kisha wagawe uzi mafungu mawili yanayolingana kwenye mizani ya ghala, kila soksi na fungu lake. Aliwashauri pia wachague sufu nene ya kijivu, kwa sababu ndiyo inayohifadhi joto na kuvumilia viatu.

Dina hakupima wala hakugawa. Wenzake walipochukua kijivu, yeye alikumbatia bonge la uzi mwekundu, mwembamba, unaong'aa. Rafiki yake Dorika alipomuuliza kama utatosha, alijibu kwamba macho yake ndiyo mizani yake.

Soksi ya kwanza ilitoka nzuri ajabu, ndefu hadi magotini, na Dina akaionyesha darasa zima. Lakini ya pili ilipofika kwenye kisigino, uzi ukaisha. Alikwenda duka la ushirika akaambiwa uzi mwekundu hakuna tena. Alirudi amenuna.

Dorika alimshauri aifunge soksi hivyohivyo na kuikunja mezani chini ya ile nzima. Wageni wangeziangalia tu, nani angezivaa? Dina alitikisa kichwa. Hapo Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Naftali, akafika kukagua kazi. Aliposikia habari ile, alisema maneno yaleyale ya Dorika, ila yeye aliyasema kama amri. Alitaka jozi zote ziwe mezani wageni watakapokuja, asiaibike.

Dina alisimama.

"Shikamoo, Ndugu Mwenyekiti. Sitaifunga. Mzee Alute ana miguu miwili, na yote inapata baridi."

"Unabishana na mkubwa?"

"Uzi niliuharibu mimi, na nimekubali. Lakini kudanganya sikubali."

Kisha, mbele ya wote, alifungua fundo na kuvuta uzi. Soksi ile iliyosifiwa ikafumuka safu kwa safu, kisha akachomoa sindano, na ile nusu ikafuata. Mwenyekiti aliondoka akisema atazungumza na mwalimu mkuu. Mwalimu Theresia alikuwa amesimama mlangoni muda wote.

Jioni Dina alikwenda kwa Mzee Alute, akamwamkia, akamwomba aweke mguu juu ya gazeti ili auchore. Mzee alicheka, akasema tangu azaliwe hajawahi kupimwa mguu. Kesho yake Dina aligawa uzi kwenye mizani ya ghala. Safari hii alifuma shingo fupi ili uzi ufike hadi vidoleni, na kwenye visigino akauchanganya na sufu ya kijivu aliyopewa na Dorika, mahali hapo pawe pagumu.

Wageni walipokuja, soksi za Dina zilikuwa bado kwenye sindano. Meza ilikuwa na nafasi tupu, na Mwenyekiti alipita pale bila kumtazama. Dina alitazama mbele.

Alipomaliza, alikwenda na mwalimu wake kumpelekea mzee. Mzee Alute alizivaa palepale, akapiga hatua huku na huku, akasema zimemkaa.

Njiani kurudi, Mwalimu Theresia alimshika bega.

"Dina, umekuwa mbishi mara mbili. Ulipokataa kupima, ulikuwa unajisikia, na kazi yako ikaharibika. Ulipokataa kudanganya, ulikuwa unamjali mtu atakayevaa. Sitaki uache ubishi. Nataka kila unapotaka kubisha, ujiulize kwanza unabisha kwa ajili ya nani."

Dina aliitikia, "Ndiyo, mwalimu," wakaendelea kutembea wakiupa upepo mgongo.