Mara Mbili Maana Yake Nipo

"Umemchukua mzima, mrudishe mzima," mke wangu aliniambia asubuhi ile, mkono wake ukiwa begani kwa mdogo wake. Nilicheka. Laiti ningejua...

Huyo mdogo wake, shemeji yangu, tulimwita Redio kwa sababu alikuwa hazimiki. Mimi ni fundi baiskeli. Yake niliiunda mwenyewe mwaka jana, na kengele nikaikaza kwa nati mbili. Safari yetu ilikuwa kuvuka milima, kushuka bonde la mto na kulala mji wa ng'ambo. Kutwa nzima Redio aliimba. Pumzi zilipomwishia aliimba vilevile, huku akinitania kwamba uzee umenianzia magotini.

Saa kumi na moja jioni tukaanza mteremko wa mwisho. Ukungu ukatushukia. Hata gurudumu langu la mbele sikuliona vizuri.

"Tangulia wewe, breki zako nzuri," Redio alisema. "Ukifika kwenye kona, piga kengele mara moja. Mimi nitajibu mara mbili. Mara mbili maana yake nipo."

Nikatangulia. Kona ya kwanza, kring.

Nyuma yangu, kring-kring.

Ya tatu, yupo. Ya tano, yupo. Chini mto ulikuwa unanguruma. Nikaingia darajani polepole, mbao zikilia chini ya matairi. Hapo nikasikia harufu ya tope... tope bichi, kama la kisima kinachochimbwa.

Mtu alikuwa kando yangu.

Nikatazama. Redio.

"Shemeji," alinong'ona, "mbona unapiga kengele?"

"Si tulikubaliana? Na wewe si unajibu?"

"Mimi sijajibu. Yangu ilidondoka kona ya pili."

Kona ya pili! Sasa tangu hapo nilikuwa najibiwa na nani?

Nyuma yetu, ndani ya ukungu...

Kring-kring.

"Usiitike," alisema. "Ukiitika, kitakuja."

Wengine husema mguu niponye. Mimi nilisema pedali niponye! Niliupanda mlima wa ng'ambo bila kugeuka. Kengele ikazidi kulia huko nyuma, kring-kring, kring-kring, haraka haraka, halafu ikafifia. Redio alipanda kando yangu kimya. Hakuwa anahema hata kidogo.

Kesho yake tulirudi nyumbani kwa lori. Mke wangu alimkumbatia nduguye, akamshukuru Mungu.

"Vipi, Redio imeisha betri?" alimtania.

Redio alikaa kitini, akatazama ukuta. Leo ni wiki ya tatu na hajaimba. Anaoga mara tatu kwa siku, lakini chumba chake bado kinanuka tope. Mke wangu anasema ni uchovu wa safari.

Jana niliipandisha baiskeli yake kwenye stendi nibadilishe mnyororo. Macho yakanienda kwenye usukani. Kengele ikikaa mwaka mzima, lazima nati zikwaruze rangi. Nikapapasa kwa kidole. Nikawasha taa, nikapapasa tena.

Rangi ilikuwa nzima.

Usukani ule haujawahi kufungwa kengele.

Nililia palepale, katikati ya spoki na makopo ya grisi. Yule niliyemkimbia ndiye aliyekuwa ananijibu sawasawa, kama tulivyokubaliana. Mke wangu sijamwambia. Nitaanzia wapi, na huyu ameketi sebuleni anatusikiliza?

Leo jioni nimerudi darajani peke yangu. Ukungu upo. Nimeweka kidole kwenye kengele. Nimepiga mara moja.

Nimesubiri...

Kule juu kwenye kona, kwa mbali sana, kama mtu aliyechoka kuita.

Kring-kring.