Koti Namba Saba

Hanga moja la nguo lilikuwa tupu. Makoti mengine kumi na moja, yaliyoshonwa na wanafunzi kwa ajili ya mtihani, yalining'inia kabatini, kila moja na namba yake. Namba saba halikuwepo.

Inspekta, ambaye kituoni walimwita Miwani, alikagua kitasa cha kabati. Hakikuvunjwa. Mlango nao haukuwa na mkwaruzo. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea.

"Chumba hiki ni cha nini?"

"Cha kunyonyeshea," alijibu mkufunzi wa ushonaji. Chuo chao kiliwafunza kazi wasichana waliozaa wakiwa bado shuleni. "Kabati la makoti tunaliweka humu, mchana huwa wazi, na jana koti lilikuwemo. Watahini wanafika saa tano, Afande. Asiye na koti anasubiri mwaka mzima."

Mwenye koti, binti wa miaka kumi na saba aliyeitwa Sindano, alikuwa kwenye benchi akimnyonyesha mwanawe.

"Karakana moja ya ushonaji imeahidi kuniajiri nikifaulu," alisema. "Nikikosa leo, wanachukua mwingine."

Kando yake mama yake, ambaye kila siku humleta mjukuu anyonye kisha humrudisha nyumbani, alikuwa akikunja shuka la mtoto. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Miwani alishuka hadi getini.

"Jana ulikagua mifuko?" alimuuliza mlinzi.

"Yote, Afande. Hata wa mkuu wa chuo."

"Yote?"

Mlinzi alijikuna shingo. "Isipokuwa ya nepi. Niliwahi kufungua mmoja mwaka jana. Siku hiyo chakula cha mchana kilinishinda."

Inspekta alicheka, akarudi juu. Safari hii aliinama chini ya rafu. Kulikuwa na nepi sita, kavu, zimepangwa vizuri.

"Za nani hizi?"

"Za mwanangu," alisema Sindano. "Mama alizisahau jana."

Miwani alikuwa amelea watoto wanne. Alijua mtu anaweza kusahau nepi moja. Anayeacha sita safi anatafuta nafasi mfukoni.

"Mama," alimwambia yule bibi kwa upole, "jana mfuko ulirudi nyumbani na nini?"

"Nepi chafu."

"Ngapi?"

"Mbili."

"Mfuko mzima kwa nepi mbili?"

Bibi aliliweka shuka chini.

"Liko chini ya godoro langu," alisema. "Nimelifunga vizuri. Halina hata kunyanzi."

"Mama!" Sindano aliduwaa.

"Kwa nini?" aliuliza Inspekta.

"Akifaulu atapanga karibu na karakana, aondoke na mjukuu wangu. Alipopata mimba nilimnunia miezi, nikasema ametuaibisha. Sasa mtoto huyu ndiye anayeniamsha asubuhi. Nyumba bila yeye nitaikalia vipi? Nikasema, mwaka mmoja tu zaidi."

Mtoto aliendelea na shughuli yake.

"Mama," alisema Sindano taratibu, "karakana inafunguliwa saa moja asubuhi, inafungwa saa kumi na moja jioni. Ulidhani mtoto nitamwachia nani?"

Bibi aliinua macho, akamtazama.

"Nimeulizia vyumba viwili. Kimoja chako. Nilitaka nikwambie nikishafaulu."

Machozi yalimtoka bibi, na kicheko pamoja nayo. Alishika viatu vyake mkononi, hata kuvivaa hakukumbuka.

"Afande, nifunge baadaye. Kwanza nikalete koti."

Miwani alitazama saa, kisha akamtazama Sindano, aliyekuwa akitikisa kichwa kwamba hana mashtaka na mtu. Moyo wa Inspekta ulijaa furaha, wala hakujisumbua kuificha.

"Gari liko nje, mama," alisema. "Vaa viatu twende."