Shuka la Maua

Wajukuu zangu, mkiniona sichumi hata jani bila kuomba, msinicheke.

Mdogo wangu, fundi cherehani, alikuwa na uwanja mtupu mbele ya nyumba. Vumbi lake lilimkohoza bintiye, tuliyemwita Kidoti. Basi tukaenda kwa muuza miche kutafuta maua ya kutambaa, yale ukishapanda umepanda, msimu ukiisha hayafi.

"Haya yanataka jua, yale kivuli," muuza miche akatuonyesha. "Ila kufunika uwanja, hesabuni mwaka."

"Mwaka? Si mwanangu atakuwa amekohoa mapafu yote!"

Tukirudi tukapita makaburini. Juu ya kaburi moja fupi yalitambaa maua ya zambarau, mazito kama zulia. Mdogo wangu akainama, akang'oa. Yote. Mimi nilishika mfuko.

"Angalau uombe," nikamwambia.

"Nimwombe nani, dada? Mwenyewe si amelala?"

Tulicheka. Mungu atusamehe, tulicheka.

Wiki tatu tu, uwanja ukafunikwa. Isipokuwa sehemu mbili karibu na lango. Ndogo. Kama nyayo za mtoto. Kesho yake pale pakawa pameota, na nyayo zimesogea. Hatua moja kwa siku. Kuelekea mlangoni.

Kikohozi cha Kidoti kiliisha. Badala yake akaanza kupoa. Mchana wa jua kali namshika mkono, baridi kama mtungi.

Siku nyayo zilipofika kizingitini, alininong'oneza.

"Mama mkubwa, mwenzangu anataka shuka lake. Anasema msiporudisha, atalala na mimi."

Tuling'oa kila shina, tukaenda kuyapanda palepale tulipoyatoa. Mdogo wangu akapiga magoti. Safari hii aliomba.

Jioni mwili wa Kidoti ukapata joto. Akadai chakula.

Asubuhi, dirishani kwake, kwa ndani, tukakuta kishina kimoja. Kimeoshwa mizizi, kimeviringishwa kitambaa kibichi, kama jirani anavyompa jirani mbegu. Kitambaa cheupe, cha zamani, kinanuka udongo. Mdogo wangu alikigeuza kitambaa kile kutafuta pindo. Hakikuwa na pindo, kama sanda. Akakiweka chini taratibu, akafuta mikono kwenye gauni.

"Amenipa mwenyewe," Kidoti akasema. "Kwa sababu mmeomba."

Hatukukipanda kile kishina. Kukitupa, nani athubutu? Kipo dirishani miaka yote hii, hakijaonja tone la maji.

Juzi nilipita pale. Kimechanua.