Kinanda Kilichokuwa na Joto

Kibonye kimoja kilikuwa na joto. Fundi cherehani alikigusa tena, akidhani ni jua, lakini kinanda kilikuwa kwenye kona ya duka ambako jua halifiki. Lilikuwa joto la mwili, kama shavu la mtoto mwenye homa.

"Mama, hiki," alisema binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa jinsi asivyojua kunyamaza.

"Mwalimu wako wa muziki alisema anayeanza atafutiwe cha umeme, kinachopunguzwa sauti, majirani wasituchoke."

"Vya umeme havijibu, mama. Hiki kinajibu."

Mama alicheka. Mwenye duka hakucheka. Alikiachia kwa bei ya kutupa, akakipakia mwenyewe mbio mbio, kama mtu anayetoa maiti ndani. Rahisi huwa ghali, lakini siku hiyo mama hakulikumbuka neno hilo.

Nyumba ikaanza kunuka udongo uliolowa, na mvua haikuwa imenyesha. Chiriku naye akapungukiwa na maneno. Akitoka shule anaketi, anapiga, chakula kinapoa mezani. Mama, akishona chumba cha pili, alifurahi kusikia wimbo mmoja ukirudiwa na kurudiwa bila uvivu, mpaka alasiri moja alipoinua macho kutoka kwenye cherehani akamwona Chiriku mlangoni, sare mwilini, begi mgongoni, ndio kwanza anaingia, na huko sebuleni kinanda kinaendelea kupiga.

"Nani yuko huko?" alinong'ona.

"Anafanya mazoezi," Chiriku alijibu. "Hapendi kukatizwa."

Kesho yake mama alimwita mwalimu wa muziki. Mwalimu alikaa nyuma ya mwanafunzi wake, akafumba macho, akasikiliza. Alipoyafumbua, midomo ilikuwa imemkauka.

"Mama Chiriku," alisema kwa sauti ya chini, "huyu bado sijamfundisha mkono wa kushoto. Hebu sikiliza. Hapo inapiga mikono mitatu."

Mama alitazama, akaona vidole vya mwanawe vimepauka kama vya mtu aliyeshinda majini, na kando yake vibonye vikididimia vyenyewe, kimoja baada ya kingine, huku benchi likilia na kubonyea upande ule ambao hakuna aliyekaa, na ile harufu ya udongo ikizidi, ikizidi, mpaka akahisi kama wote watatu wamefukiwa humo chumbani wakiwa hai.

Akaitwa mganga, mwalimu akiwa hajaondoka; alikuwa mwanamke wa makamo asiye na mbwembwe. Alifunga madirisha, akasoma dua kwa muda mrefu, kisha akaweka kiganja juu ya kile kibonye chenye joto.

"Unamtakia nini mtoto wa watu?"

Kinywa cha Chiriku kikafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mzima, tena ya upole.

"Sijamdhuru. Natafuta wa kunifundisha."

"Huyu ndio kwanza anajifunza. Atakufundisha nini?"

Mahali fulani ndani ya kinanda waya ulilia.

"Kweli," ile sauti ikasema. "Huyu hajui."

Harufu ikakatika kama iliyozimwa. Chiriku aliangukia mapajani mwa mama yake, akaomba maji, na alipokwisha kunywa alianza kusema: ya shule, ya viatu, ya paka wa jirani, hana kituo. Mganga akamwambia apige kidogo. Mtoto alidonoa vibonye kwa kidole kimoja, akikosea kila mahali, na mama akalia kwa furaha, akimkumbatia huku akimwambia, "Kosea, mwanangu. Kosea tu."

Aligeuka kumshukuru mwalimu. Mwalimu alikuwa ameegemea ukuta, macho yamemtoka, anatokwa na jasho, vidole vyake vikicheza taratibu juu ya paja bila mwenyewe kutaka. Na kinanda, ambacho hakuna aliyekigusa, kilikuwa kinamfuata noti kwa noti, kwa utiifu wa mwanafunzi aliyempata mwalimu wake.